Mkimbizi na Marashi, Wapi na Wapi?

Mwezi huu sitaongea juu ya mitihani wala madaftari. Kuna neno linazunguka hapa Nakivale, na mimi limenifikia: eti mkimbizi na marashi, wapi na wapi?

Marashi yenyewe nilipewa na shangazi yangu. Yeye amepanga chumba Kakiika, pale pembeni ya mji wa Mbarara, anafulia watu nguo. Bibi mmoja anayemfulia alimpa chupa ya zamani iliyobaki nusu, maandishi yamefutika. Shangazi akasema yeye sabuni inamtosha, akanipa mimi.

Sasa msifikiri ni yale marashi matamu ya siku hizi, yanayonukia kama pipi. Haya ni ya mtindo wa kale. Ukijipaka, kwanza inakuja harufu kali, chungu kidogo, kama umevunja majani mabichi mkononi. Baada ya muda maua yanatokea, taratibu, bila kelele. Jioni kinabaki kitu kama sabuni nzuri kwenye nguo iliyoanikwa.

Mtindo huu una historia yake. Mwaka 1947, miaka miwili baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha, mama mmoja wa Ufaransa, Germaine Cellier, alitengeneza marashi kwa ajili ya Balmain, fundi wa mavazi wa Paris. Yaliitwa Vent Vert, maana yake upepo wa kijani. Ndani yake alitia kwa wingi utomvu wa mmea unaoota Iran. Wenye Biblia ya Kiswahili fungueni Kutoka 30, mstari wa 34: mtaukuta utomvu huo kwa jina la kelbena. Na akina mama wa Zanzibar tangu zamani wanafunga kikuba, asumini pamoja na rehani, yaani ua na jani. Kwa hiyo si mambo ya wageni tu.

Siku ya kwanza kuyavaa shuleni, mtoto mmoja alipiga kelele, "Ticha ananuka!" Darasa zima likacheka. Nikaandika ubaoni maneno mawili: kunuka, kunukia. Sisi wa Kongo tunasema kunuka kwa yote, lakini Kiswahili cha vitabuni kinatenganisha ubaya na uzuri kwa herufi moja tu. Halafu nikawaambia kila mmoja ataje kitu kinachonukia. Mmoja akataja uunsi unaofukizwa na majirani Wasomali. Mwingine kahawa ya Waethiopia ikikaangwa. Mwingine mvua. Halafu msichana mmoja ambaye huwa haongei akasema, "Majani ya chai. Kwetu kulikuwa na chai." Sijawahi kumsikia akitaja kwao kabla ya siku ile.

Lakini neno zito lilitoka kwa jirani yangu, mama wa watoto watano. Aliniita pembeni: "Mwalimu, mwanangu, hayo marashi yatakuponza. Unakumbuka 2023 walipotugawa makundi matatu? Wale wanaosemwa wanajiweza walitolewa kwenye chakula. Wakisikia unanukia, watakuandika wapi?"

Simlaumu. Hofu yake ni ya kweli, na wengi wenu mnayo. Nilimjibu, "Mama, mtu anaweza kunukia na sufuria yake iko tupu." Alinyamaza. Halafu akanyoosha mkono: "Basi nipake kidogo tu, hapa."

Mimi naona hivi. Tumejizoeza kufikiri kwamba mkimbizi lazima aonekane mchafu na mnyonge ndipo aaminiwe. Watoto wetu wanatutazama. Wakiona tunaogopa hata kujipamba, watajifunza kwamba kujipenda ni kosa, na somo hilo kulifuta ni kazi kuliko kulifundisha. Shida yetu ipimwe kwa kilicho ndani ya sufuria na kwa mgonjwa aliyelala ndani. Harufu ya nguo haiwezi kuipima.

Kwa mwenye chupa, machache niliyojifunza. Weka tone moja kwenye pindo la kitenge, litakaa kuliko kwenye ngozi. Chupa ifiche gizani, mbali na joto la mabati na jua. Ukienda mahali penye watu wengi, punguza, maana kuna watoto wenye pumu.

Na asiye na chupa apande mchaichai au rehani kando ya nyumba. Asubuhi vunja jani moja, lisugue mikononi. Watoto wakiuliza kwetu kulinukiaje, msiwanyamazishe. Waambieni.