Samaki Wakikufa, Ulizeni Maji Kwanza



Siku hizi kuna familia zinazofuga samaki wadogo ndani ya kisanduku cha kioo, wale wa kuangalia tu, si wa kupika. Ni furaha kwa watoto. Lakini asubuhi moja unawakuta wote wanaelea, tumbo juu, na jana walikuwa wazima. Hapo maneno yanaanza: "Nani aliingia huku? Nani alitupa kitu mu maji?" Na kidole kinamwelekea mnyonge wa nyumba, ao jirani msiyesalimiana naye.

Niliitwa kuombea nyumba kama hiyo, karibu na Kituku. Mtoto yatima wanayemlea alikuwa amelala njaa sababu ya samaki sita. Walisema ana mkono mubaya. Mbele ya kuomba, nikauliza: "Maji mlibadilisha lini?" Mama akajibu: "Jana jioni, Pasta. Tulimwanga yote ya zamani, tukatia bidoni mbili za ku Kituku." Na pale pwani, bidoni zilikuwa zinatiwa klori sababu ya kipindupindu. Baba alinyamaza, kisha akamwita mtoto na kumuomba musamaha mbele yetu sote.

Klori si adui. Sisi wa Goma tunajua: mwezi wa saba mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi hapa. Kipimo kile kinachoua vijidudu hakimdhuru mtu anayekunywa. Lakini samaki anapumua ndani ya maji yenyewe, na klori inamuunguza mashavu, pale anapopumulia.

Basi, ndugu yangu, chunguza hivi. Wamekufa wote pamoja kwa saa chache? Fikiria klori, sabuni iliyobaki mu ndoo, ao dawa ya mbu iliyopulizwa karibu. Walikuwa wanapanda juu na kufungua-fungua kinywa? Pumzi imepungua: samaki ni wengi mno, ao chakula kimeoza chini. Wanakufa mmoja mmoja, siku kwa siku, wakiwa na madoa? Huo unaweza kuwa ugonjwa. Mtenge yule mgonjwa.

Maji yenye klori yaache ndani ya ndoo wazi siku moja ao mbili mbele ya kuyatumia. Tena usimwange yote. Badilisha robo tu, maana ndani ya kisanduku kuna vijidudu vizuri vinavyosafisha uchafu wa samaki.

Hata ziwani ni vilevile. Chini kabisa ya Ziwa Kivu kuna gazi nyingi na hakuna oksijeni. Maji yale yakipanda juu, samaki wanakosa pumzi bila mkono wa mtu. Na ninyi wa machimboni, tope na dawa za kuoshea zahabu zinaharibu mito. Samaki uliyemkuta amekufa, usimpike.

Wazazi, samaki wengine watapatikana. Lakini mtoto aliyeitwa mchawi mbele ya wenzake anabeba jina lile miaka mingi. Leo jioni someni pamoja Mithali 18:13, kisha kila mmoja ajiulize: nani nimemhukumu mbele ya kumsikiliza?

Mungu awabariki.