Usitazame Ua, Tazama Tunda



Sisi watu wa pwani nyumba haijatutimia mpaka iwe na uwa uliositirika, mahali mke na mabinti wanapoweza kukaa, kusuka ukili na kupepeta mchele bila ya kujitanda buibui. Nami nilipohamia Ngaka mwaka 2014 kwa biashara ya duka, jambo la kwanza nililolitafuta, baada ya kujua maji yako wapi na kibla kiko upande gani, ni sitara hiyo. Leo nataka kukusimulia jinsi nilivyoitafuta kwa pupa, na jinsi pupa yangu ilivyomuumiza asiyekuwa na kosa.

Ngaka iko katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Ni nchi ya Wamatengo, watu wa kahawa, walima milima kwa mashimo yaitwayo ngoro ili mvua isichukue udongo. Ukizidi kwenda magharibi utateremkia Ziwa Nyasa. Tangu mwaka 2011 huchimbwa makaa ya mawe huko, na wachuuzi wa kila pembe wakayafuata, mimi mmoja wao. Nyumba niliyopanga ilielekea barabara, ambayo wakati ule ilikuwa ya udongo. Kiangazi vumbi jekundu lilitufuata mpaka kwenye bakuli la uji, na kila utingo aliyeketi juu ya shehena aliuona uwa wangu wote.

Nikajenga chanja ya mianzi iliyopita kimo cha mtu. Ikabaki kuchagua mmea wa kuitambalia.

Mke wangu alitaka asumini. Nikamwambia, "Asumini ya kwetu hupenda joto, na hapa mwezi wa Juni na Julai watu huota moto. Itachelewa." Akasema basi tupande bugenvilia. Hiyo nayo niliikataa: ina miiba, haishiki yenyewe ila uifunge kwa kamba, na hata hayo tuyaitayo maua yake ni majani yenye rangi tu, ua lenyewe ni kidogo mno, liko katikati. Jirani yangu, mzee wa Kimatengo, Mkristo, alinishauri nipande mmung'unye. Nikacheka moyoni. Mimi nataka maua, yeye aniambia mboga!

Kwa kweli, msomaji, mimi na mzee yule hatukuwa na maelewano mazuri. Tulikwisha kusemezana juu ya mpaka wa kiwanja, na tangu hapo salamu zetu zilikuwa za mdomoni.

Siku moja kijana mpita njia aliniletea kiganja cha mbegu nyeusi zinazong'aa. Akaniambia zitafunika chanja yote kabla ya masika kwisha, na zina maua ya zambarau yaning'iniayo kama vishada. Sikumwuliza jina la mmea. Nilimlipa, nikapanda mvua za Novemba zilipoanza.

Miche ilipotoa majani yake matatu matatu, mzee alinong'ona nami juu ya uwa: "Mwanangu, ung'oe huo. Huo si mmea wa kukaa na watu." Nikamjibu, "Ahsante, mzee," na moyoni nikasema, huyu ana choyo. Mwezi wa Februari mianzi ilikuwa haionekani. Mwezi wa Aprili maua yalifunguka, na wanawake waliokuja dukani walisimama kuyatazama. Nami nilikuwa nikijikohoza kila waliposifu.

Mwezi wa Juni yakaja maganda, yana manyoya ya rangi ya dhahabu. Hapo nikaujua. Ulikuwa upupu. Wallahi tangu utotoni nimeujua upupu kwa jina na kwa mwasho, lakini ua lake sikuwahi kulitazama. Nikasema, nitaukata wiki ijayo, mradi sitara idumu kidogo. Wiki ikawa mwezi. Majani yakakauka, hata sitara yenyewe ikaondoka wakati wa vumbi hasa nilipoihitaji, yakabaki maganda matupu yakigongana.

Kisha ukavuma upepo wa Julai. Mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka minne, alikuwa akicheza upande wao. Manyoya yakamwangukia shingoni na usoni, akajikuna, kisha akayafikicha macho. Kilio chake nakisikia mpaka leo. Siku mbili hakuweza kufungua jicho moja, na siku mbili hizo mimi chakula hakikunipita kooni. Alhamdulillahi, alipona.

Nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Nilitarajia matusi, na nilistahili. Akaniuliza tu, "Una gunia?" Alfajiri ya pili, umande ukingali umeyashika manyoya, tulijifunika magunia, tukaukata mmea wote na kuufukia shimoni. Tulipomaliza akaingia ndani, akatoka na mbegu za mmung'unye ndani ya kitambaa. Hakusema neno juu ya lile nililolicheka.

Siku ile nilirudi kwenye msahafu kwa haya. Katika Suratul Israa, aya ya 11, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa mwanadamu huiomba shari kama anavyoiomba kheri, na kwamba ni mwenye pupa. Nikajiona. Nikakumbuka pia Nabii Yunus (A.S.), alipotupwa ufukweni hali ni mgonjwa, Mola wake alimwoteshea mmea wa kutambaa, nao wanazuoni wengi wameufasiri kuwa ni mmung'unye (Suratus Saffat, aya ya 146). Na Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kuwa alimwona Mtume (S.A.W.) akiufuata mmung'unye katika pembe za sahani. Mboga niliyoidharau ilimsitiri Nabii mmoja na kupendwa na mwingine!

Tulipanda mmung'unye mvua zilipoanza, na ubavuni mwake pasheni. Mmung'unye ulifunika chanja upesi, maua yake meupe yakifunguka jioni, na ulipokufa kiangazi, pasheni ilikuwa imekwisha kushika mianzi. Hiyo tukiimwagilia haikauki. Ile ya zambarau ndiyo ipendayo milima. Nyinyi wa pwani tafuteni ya manjano. Mke wangu naye alipata asumini yake ndani ya debe, twaiingiza ndani usiku wa baridi.

Basi msomaji, utakapochagua mmea wa kufunika uwa wako, jiulize mambo matatu. Kwanza, unaitwa nani? Usipande kitu usichokijua, kama vile usivyomwoza binti yako kwa mtu usiyeujua ukoo wake. Pili, baada ya ua hutoa nini? Ua ni la siku chache, tunda ndilo linalobaki na watu. Tatu, utaangukia kwa nani? Mmea utambaao haujui mpaka. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara, na wanazuoni wamempa jirani haki ya kutaka tawi lililoingia kwake liondolewe. Na jirani huyo si Muislamu peke yake. Suratun Nisaa, aya ya 36, imemtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali pamoja.

Pasheni zinazoning'inia upande wa mzee ni zake. Sikumwambia, yule mjukuu ndiye azichumaye, nami nikisikia chanja ikitikisika huwa sitoki nje, asije akaona haya akakimbia.

Wabillahi tawfiq.