Sekunde Tatu za Kuganda

Kuna kuganda na kuganda. Laptopu ikiganda kabisa unajua la kufanya: unakandamiza kitufe cha kuwasha mpaka ijizime, unaomba Mungu, unaanza upya. Inayosumbua ni ile inayoganda sekunde mbili tatu, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo hata kumwonyesha fundi ni shida. Ukifika dukani inatulia, kama mtoto aliyelia usiku kucha halafu anamchekea daktari.

Yangu ilianza baada ya kusasisha mfumo. Ni mashine ya mitumba, imeshatumiwa na watu wengine ng'ambo kabla ya kunifikia, na ninaiendesha kwa Linux kwa sababu ni bure na haiilemei. Fundi mmoja mjini aliisikiliza hadithi yangu nusu, akaigeuza, akasema, "Boss, hiyo ni skrini inaenda. Ama ni bodi." Bei aliyotaja ilikuwa kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili. Mimi hulipwa kwa makala, na makala huandikwa kwa hiyo hiyo mashine. Kabla ya kutoa pesa ambazo sikuwa nazo, nilitaka kujua ni nini hasa kinachoganda.

Nikaanza kuiangalia kama askari wa zamu. Dalili ya kwanza ilikuwa muziki: skrini ikiganda, wimbo unaendelea bila kukwama. Ya pili, nikiendelea kuchapa wakati imeganda, maneno yote yanatokea kwa mkupuo ikizinduka. Kumbe mashine ilikuwa macho muda wote, inasikia kila herufi, ila picha ndiyo haifiki. Nikaandika free -h kwenye temino nione kama kumbukumbu imejaa. Ilikuwa tele. Dalili ya tatu ilinichukua siku mbili kuigundua: nikitazama video haigandi kamwe. Inaganda nikiwa nimenyamaza natafuta neno, halafu nikagusa kibodi.

Nikafungua faili la /var/log/apt/history.log, ambalo huweka tarehe za kila kitu kilichosakinishwa. Kerneli mpya iliingia Jumanne asubuhi. Kuganda kulianza Jumanne jioni.

Kerneli ni kiini cha mfumo, sehemu inayoongea moja kwa moja na vifaa: skrini, diski, kibodi, waifai. Ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, na leo maelfu ya watu duniani huichangia. Wana kanuni moja ambayo naipenda: kilichokuwa kikifanya kazi kwenye toleo la jana kisivunjwe na toleo la leo. Kikivunjika, hilo ni kosa la kerneli, mtumiaji asilaumiwe. Ukishaambiwa na kila mtu kwamba shida ni mashine yako kuzeeka, kanuni kama hiyo inakupa moyo.

Uzuri ni kwamba kerneli ya zamani haitupwi mara moja. Niliwasha mashine nikiwa nimeshika Shift, menyu ya GRUB ikatokea, nikaingia kwenye chaguo za ziada na kuchagua toleo la awali. Nikaandika kutwa nzima. Haikuganda hata mara moja. Kesho yake nikarudi kwenye mpya, na kabla saa moja haijaisha ilikuwa imeganda mara mbili. Skrini inayokufa haiponi kwa sababu umebadilisha programu. Hapo nilijua pesa ya fundi imeokoka.

Ningeweza kubaki na ya zamani tu, lakini kerneli mpya huja na viraka vya usalama, na kukaa nyuma milele ni kuacha mlango wazi. Nikaendelea kutafuta, nikakutana na kitu kinachoitwa PSR. Skrini nyingi za laptopu zina kumbukumbu yao ndogo. Picha isipobadilika, skrini huhifadhi picha ya mwisho na kujionyesha hiyo hiyo yenyewe, ili chipu ya grafiksi ipumzike na betri idumu. Ukigusa kitu, chipu inafaa kuamka papo hapo. Draiva na skrini zisipoelewana vizuri, kuamka kunachelewa, nawe unaachwa ukitazama picha ya zamani. Ndiyo maana video haikuganda: picha yake haitulii. Mwandishi anayetafuta neno ndiye anayetulia.

Nilicheka kidogo. Kule ushago kuna watu bado wanashikilia picha yangu ya mwisho. Kila nikienda wananiuliza namaliza chuo lini, na niliacha mwaka wa pili.

Kwenye menyu ya GRUB nilibonyeza e, nikatafuta mstari unaoanza na neno linux, nikaongeza mwishoni i915.enable_psr=0, kisha F10. Njia hiyo hudumu kwa kuwasha mara moja tu, kwa hiyo ni salama kwa kujaribu. Hiyo i915 ni jina la draiva ya grafiksi ya mashine yangu. Yako ikiwa na draiva nyingine, maneno hayo hayatakusaidia. Siku tatu zikapita bila kuganda. Ndipo nikaweka maneno hayo kwenye /etc/default/grub na kuendesha sudo update-grub yadumu.

Nimelipa kidogo: PSR ikizimwa, betri inaisha mapema zaidi, na huku kwetu stima hupotea bila kuaga. Nimekubali. Makala niliyokuwa nayo mkononi ilienda kwa mhariri kabla ya siku ya mwisho, na kodi ikalipwa kwayo.

Kwenye daftari nimeandika tarehe, namba ya kerneli iliyoleta shida na namba ya ile isiyokuwa nayo. Sasisho lijalo likifika nitaondoa yale maneno, niandike siku moja, nione. Huenda kuna mtu mahali fulani ameshairekebisha.