MGUU WANGU NA PEDALI YA KINGA

Leo napenda kuwaelezea neno moja juu ya kinga, kwani wengi kati yetu wanakuja nayo ku masomo kila siku.

Mwezi wa tisa wa mwaka 2025, wakimbiaji wa kinga wa dunia yote walishindana kule Kigali, katika Rwanda. Baba mdogo alituonyesha picha katika simu yake. Niliona viatu vyao vimeshikamana na pedali. Nikajisemea: ndiyo sababu wanapanda milima mbio namna ile!

Juma lile mama alinituma sokoni na bidoni mbili za mafuta ya mawese, litre 20 kila moja. Feza yake ilikuwa ya minervali yangu na ya dada yangu mdogo. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilikata kipande cha mpira wa ndani, nikafunga mguu wa kuume ku pedali. Sitasema uongo: ku mlima ilinisaidia. Mguu haukuteleza hata mara moja.

Lakini wakati wa kushuka, karibu na daraja ya mbao, mbuzi mmoja akaingia barabarani. Nikakamata freni, kinga ikasimama. Nilitaka kushusha mguu, mguu ukakataa. Nikaanguka upande wa kuume kama mti uliokatwa, na muzigo juu yangu. Bidoni moja ikapasuka. Nyuma yangu kamyo ilikuwa inakuja; shofere aliisimamisha hatua mbili tu toka kichwa changu.

Nyumbani nilisema: «Mama, ni mbuzi aliniangusha.» Mama akaenda kwa mwenye mbuzi, mama mjane, kudai mafuta yake. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamuonyesha mama ule mpira. Akanyamaza, kisha akasema: «Twende, mwanangu, ukaombe masamaha wewe mwenyewe.» Tukaenda.

Kisha fundi wa kinga alinifundisha. Zamani wakimbiaji walifunga miguu kwa mikanda ya ngozi, na kuilegeza kwa mkono. Mwaka 1984 kampuni Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kuteleza juu ya theluji, ilileta pedali inayokamata kiatu chenyewe. Mwaka 1985 Bernard Hinault alishinda nayo Tour de France. Ukizungusha kisigino kwa inje, kiatu kinatoka. Mpira wangu haukujua kutoka! Na hata ile pedali ya kweli, wenye kuianza wanaanguka wakati wa kusimama, kwani wanasahau kuzungusha.

Mkimbiaji anafungiwa barabara, watu wanakaa pembeni. Sisi tunasimama kila mara: matope, watoto, mbuzi, mzee wa kusalimia. Kwetu, usalama ni mguu kufika chini upesi. Kama pedali inateleza, badilisha iliyolika, tafuta yenye meno, pangusa kamambili zako. Mlima ukizidi, shuka usukume. Si haya.

Ile bidoni niliilipa kwa kulima mashamba ya watu wakati wa likizo. Shamba la kwanza lilikuwa la yule mama mjane, na pale sikuomba feza.

Ni mimi ndugu yenu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu.