Pete Saba Zina Majina, Dada Hana

Kama wewe ni mtu wa simulizi za kwenye simu, mchezo unaujua. Kijana maskini, shangazi mnoko, pete inaokotwa, jini anatokea. Sehemu ya 1 hadi ya 10 bure, halafu "Itaendelea", tuma elfu moja uingizwe kwenye grupu. Kufikia sehemu ya 30 jamaa anapaa, anapasua milima, ana wake wawili wa kijini. Ukiulizwa jamaa huyo anaogopa nini, au akiwa peke yake anamkumbuka nani, huna jibu. Nguvu zake zote unazijua, yeye mwenyewe humjui.

Kuna kijana mmoja wa Mbinga mjini anaandika za namna hiyo. Mchana yuko steshenari anatoa fotokopi, usiku anaandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kwao ni chini kule, ufukweni, upande wa Mbamba Bay. Simulizi yake ina ufalme chini ya Ziwa Nyasa, pete saba na shujaa mvuvi. Wapo wanaolipa, wengine wako Dar na hilo ziwa hawajawahi kuliona. Si haba.

Shujaa ana dada. Ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, akianika usipa na kuupandisha Mbinga kuuza mpaka ada ikapatikana. Sehemu ya 6 majini wanamkamata dada, wanazama naye. Shujaa analia mistari miwili, anaapa kulipa kisasi, anapata pete ya kwanza. Basi. Sehemu ya 7 hadi ya 47 hakuna aliyemuulizia.

Aliyemuulizia ni dada mwenyewe, wa kweli, aliyemlea huyu mwandishi kwa usipa huo huo. Naye alikuwa analipa elfu yake kama watu wengine. Akapiga simu usiku.

"Mdogo wangu, hivi yule dada alikufa?"

"Hajafa, dada."

"Sasa mbona hatafutwi?"

"Ile ni simulizi tu, dada. Atarudi msimu wa pili."

"Haya. Msimu wa pili."

Kijana alikuwa na mwaka na zaidi hajashuka nyumbani. Na barabara siku hizi ni lami tupu kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, hata kisingizio cha matope hakipo.

Wapo watakaosema hadithi za majini ni za mapambano, mambo ya familia waachiwe watu wa tamthilia. Hao hawajasoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Mle kuna jini na watu waliogeuzwa manyani, lakini kinachomkaba msomaji ni kwamba manyani wale wawili ni ndugu wa Adili. Walimtosa baharini kwa wivu, na sasa jini amemwamuru awachape kila usiku. Anawachapa, na roho inamuuma. Ondoa undugu hapo, unabaki na mtu anayepiga manyani. Au chukua Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya 1977, ambayo wengi walikutana nayo sekondari. Uchawi pale haudondoki kutoka angani, unatoka kwa baba kwenda kwa mwanawe. Ndiyo maana unatisha.

Na Mbinga si mahali pa kukosa mfano. Wamatengo walikuwa na sengu: babu, wanawe na wajukuu wanakula pamoja, na hapo hapo mambo ya ukoo yanazungumzwa, nani kakosea, shamba la nani limelala. Shujaa mwenye pete saba hajawahi kukaa mahali kama hapo akaulizwa na mtu mzima leo ameshindaje.

Baada ya ile simu kijana akajaribu kumrudisha dada. Alitaka shujaa asimame ufukweni amwite, akakwama. Amwite nani? Akarudi nyuma kukagua sehemu zote 47. Mfalme wa majini ana jina. Pete zote saba zina majina. Hata mtumbwi una jina. Dada ni "dada yake" tu, kuanzia mwanzo mpaka alipozama. Akaweka jina la dada yake wa kweli, akalifuta, akaliweka tena.

Sehemu ya 48 ilitoka imechelewa siku nne. Haina pambano hata moja. Shujaa anarudi kwao, anakuta chanja la usipa limeanguka, anakaa jikoni. Anakumbuka dada alivyokuwa akila kichwa cha mbasa kila siku na kumwachia yeye minofu, akisema kichwa ndicho anachokipenda. Sasa ndiyo anaelewa kwamba alikuwa anamdanganya ili ashibe. Imeandikwa vizuri, huenda ndiyo sehemu pekee ambayo yule shujaa ni mtu. Wawili wakatoka kwenye grupu, mmoja akadai elfu yake.

Asubuhi ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Mbamba Bay, nyuma yake kuku wanalia.

"Mdogo wangu nimesoma, nimelia. Ila kichwa cha mbasa nakipenda kweli. Sikukudanganya. Si ungeniuliza?"

Sehemu ya 49 bado. Wasomaji wameambiwa mwandishi yuko safarini.