Safari Yetu ya Miguu Toka Kigoma Hata Ujiji

Kila mwaka masika yanapokaribia kwisha, sisi huwachukua wanafunzi wa darasa la sita kwa safari ya miguu toka mjini Kigoma hata Ujiji. Mwendo wenyewe si mrefu, ni kilomita nane hivi, na mtu mwenye haraka huumaliza kwa saa mbili. Lakini sisi hatuna haraka, nao vijana wana maswali mengi, basi huwa ni kazi ya kutwa. Safari tunayotaka kuieleza hapa ilianza kwa swali, na swali lenyewe lilitutia haya.

Kijana mmoja alikuwa ameona kitabuni picha za vilima vya Ulaya, na juu ya kila kilima gofu la ngome ya mawe, na njia nyembamba ya watu wapandao kwenda kulitazama. Akatuuliza, "Mwalimu, na sisi tunapanda vilima vyetu kwenda kutazama nini? Ngome yetu iko wapi?" Wenzake wakacheka. Tukamjibu, "Twende, utaiona," walakini kwa kweli hatukujua tutamwonyesha nini.

Tukaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua ya usiku imekwisha na hewa imetakata. Tulianzia stesheni ya gari la moshi, jengo lile lenye matao walilolijenga Wajerumani. Reli yao kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 1,250 hivi, ilifika ziwani mwaka 1914. Tukatazama pia nyumba kubwa waliyoijenga kilimani, inayoielekea ghuba. Kijana yule akauliza, "Ngome ndiyo hii?" Tukasema siyo, maana gofu ni nyumba iliyoachwa, na nyumba hii haijaachwa.

Ndipo tukaanza kupanda kuelekea Mwanga. Jua lilikuwa bado changa, lakini jasho lilitutoka. Tulipofika mahali palipo wazi tukageuka nyuma, na vijana wote wakanyamaza. Ziwa lilikuwa chini yetu, rangi ya buluu nzito, na mitumbwi ya wavuvi imetawanyika kama punje za mtama zilizomwagika. Ng'ambo, milima ya Kongo ilionekana wazi, mikunjo yake yote. Wakati wa kiangazi moshi na vumbi huificha, na mgeni aweza kukaa Kigoma mwezi mzima asijue kuwa kuna milima upande ule.

Tukaketi, tukawaeleza habari za ziwa lile: kwamba urefu wake ni kilomita 670 na zaidi, na kina chake chafika mita 1,470, hata katika maziwa yote ya dunia linapitwa kwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Tukawaeleza na habari za meli Liemba: jinsi ilivyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya masanduku, ikaungwa tena hapa Kigoma, jinsi Wajerumani wenyewe walivyoizamisha mwaka 1916 isitwaliwe na adui, na Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Hapo vijana walifurahi sana.

Kisha tukawapa habari ya Burton na Speke, waliofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, baada ya safari ya zaidi ya miezi saba kutoka pwani. Walipokuwa juu ya kilima, upande wa mashariki wa ziwa hili, Burton aliona kitu kikimeta chini, asijue ni nini. Mtu aliyemwambia kuwa yale ni maji ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani tangu utoto, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi akiwa huru. Na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, hata siku ile hakuona ila ukungu mtupu.

Msichana mmoja akasema, "Basi aliyeona kwanza ni Bombay." Tukamjibu kwamba kabla ya Bombay walikuwapo Waha na Wajiji waliokuwa wakivua samaki humu. Akakubali. Lakini tuliona anafikiri neno jingine.

Hata saa nne tukaingia Ujiji, tukapita chini ya miembe mikubwa. Wazee husema ilipandwa na watu wa misafara, ili wasafiri wapate kivuli na tunda. Tulimkuta mzee mmoja ameketi barazani, tukamwamkia, vijana wote wakasema, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akachukua mkongojo wake akafuatana nasi.

Tulipofika penye mnara wa ukumbusho wa Livingstone, tukasema yale tusemayo kila mwaka: kwamba hapa Stanley alimkuta mwezi wa Novemba 1871, kama alivyoandika mwenyewe. Tukaongeza habari za Susi, aliyekimbia kumlaki Stanley. Na kwamba Livingstone alipokufa mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao waliichukua maiti yake mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyosha mkongojo kuelekea ziwani. "Zamani maji yalikuwa karibu zaidi," akasema. Ni kweli, maana miaka ile ziwa lilikuwa limejaa. Mnamo 1878 maji yalitoboa njia katika mto Lukuga, upande wa Kongo, yakapungua mwaka hata mwaka, na ufuko ukasogea. Tukamwuliza ziko wapi nyumba za wakubwa wa zamani, yale matembe ya Mwinyi Kheri na wafanyabiashara wengine. Akacheka. "Zilikuwa za udongo, mwalimu. Mvua imezirudisha zilikotoka. Iliyobaki ni miembe na njia."

Hapo yule msichana akasema, bila kuulizwa, "Bibi yangu husema wazee wetu walivushwa maji, wakapita hapa."

Ndugu wasomaji, neno lile lilituchoma. Bibi yetu aliyetulea alikuwa wa ukoo wa Manyema, naye katika maisha yake yote alitwambia maneno mawili tu juu ya wazee wake: "Walivuka maji." Tulidhani walikuja kwa hiari yao, pengine kwa biashara. Hatukuuliza zaidi, kwa kuwa tuliona hapendi. Sasa mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa amesema "walivushwa," mbele ya wenzake, wala hakuinamisha kichwa. Bibi yetu amekwisha kufa, na nafasi ya kumwuliza ni neno lipi lililo kweli imekwenda naye.

Mzee akamtazama msichana akasema, "Wengi walipita hapa, mjukuu wangu. Wengine walichukua pembe, wengine walifungwa. Walioweza kukaa wakakaa, ndio sisi." Hakuongeza neno.

Wakati wa kurudi, kijana yule wa ngome alikuja kutembea karibu nasi. Tulimwambia kwamba tulimdanganya asubuhi, hatukuwa na ngome ya kumwonyesha. Akafikiri kidogo, akasema, "Lakini njia tumeiona." Tukaendelea kupanda.

Basi, walimu wenzetu mlio karibu na ziwa, wapelekeni watoto. Nendeni asubuhi baada ya mvua, chukueni maji ya kunywa, na mkifika mahali pa kutazama msipite mbio. Mwamkieni mzee kwanza kabla ya kusoma maandishi ya mnara. Na jioni mkiwaaga watoto, waambieni wamwulize bibi au babu swali moja, angali yupo. Sisi tulichelewa.