Barua kutoka Korat: kabla hujapanda ndege

Mdogo wangu,

Mama ameniambia umemaliza Chuo Kikuu cha Muni na matokeo yako ni mazuri. Nimefurahi mno. Nimewatangazia walimu wenzangu wote, hata wale wasiojua Arua iko upande gani wa dunia. Ameniambia pia kwamba jioni mkikaa pale Mvara, karibu na kanisa kuu la Emmanuel, siku hizi mazungumzo ni Thailand tu, na kwamba vijana wa Koboko nao wameanza kuulizia. Mmeona picha nilizotuma za Songkran, watu wakimwagiana maji barabarani katikati ya Aprili, mkadhani huku kila siku ni sikukuu. Leo nataka nikuandikie siku za kawaida zilivyo, maana ndizo nyingi, na maana kuna watu huko nyumbani wanaowauzia vijana habari nyingine kabisa.

Ninapoishi ni Nakhon Ratchasima, mji ambao kila mtu anauita Korat, kilomita kama 260 kaskazini-mashariki ya Bangkok. Ndilo lango la Isan, ukanda wa kaskazini-mashariki, na Isan ni nchi ya wakulima. Ukitoka mjini kidogo unaingia kwenye mihogo, na mihogo hiyo haiishi. Thailand inauza muhogo nje kuliko nchi yoyote duniani, na mkoa huu ndio unaolima kwa wingi kuliko mikoa yote ya nchi. Malori yaliyojaa mizizi yanapita mbele ya shule yetu kwenda viwandani. Ukadhani basi mtoto wa West Nile amefika kwao.

Lakini hawaulimi ili wale. Muhogo wao unakwenda kuwa wanga, chakula cha mifugo na pombe kali ya viwandani, na mwingi unapelekwa China. Unga unaouzwa dukani kwa jina la muhogo ni wanga mtupu, ukiusonga unanata kama gundi na hauwi enyasa, ugali wetu, hata uupike vipi. Na usije ukachimba tu shambani kwa mtu ukapika: aina wanazolimia viwanda ni chungu, zina sumu nyingi ya sayanidi. Muhogo mtamu upo, wanauita kwa jina lenye maana ya dakika tano kwa kuwa unaiva upesi, na sokoni utaukuta umechemshwa kwenye sukari. Mimi hununua huo ukiwa mbichi, nikaumenya, nikaanika juu ya paa la nyumba, kisha nikausaga. Mtama nachanganya ninapoupata. Majirani walikuja kutazama, wakaonja, wakarudi na samaki wa kuchoma ili tule pamoja. Chakula cha hapa si kigeni kama unavyodhani. Wali wao wa kunata unaliwa kwa mkono: unamega, unafinyanga tonge, unachovya. Papai bichi linatwangwa kwenye kinu pamoja na pilipili na samaki aliyechachushwa. Na mwenye hamu ya kumbikumbi atapata panzi, nyenje na viwavi wa hariri, wamekaangwa, wanauzwa kwa kipimo usiku sokoni.

Saa nazo zitakupa raha. Kuanzia jioni Mthai anahesabu kama sisi: jua likishazama ni saa moja ya usiku, kisha saa mbili, mpaka saa tano. Mwalimu mwenzangu Mzungu alihangaika nazo sana, mimi sikuhitaji kufundishwa. Mwaka ndio utakaokuchanganya, kwa sababu wanahesabu tangu Buddha: 2025 huku uliandikwa 2568. Tazama vizuri tarehe kwenye mkataba wa nyumba kabla ya kutia saini.

Kuhusu nyumba, mwenye chumba hutaka dhamana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele, kwa hiyo uje na fedha hizo mkononi. Uliza bei ya umeme kwanza. Serikali inatoza kama baht 4 kwa uniti moja, lakini wenye vyumba wengi wanatoza 7 au 8, na mwezi wa Aprili joto la Isan linapofika digrii 40 hutalala bila feni wala kiyoyozi. Baht moja ni shilingi zetu za Uganda mia moja na kidogo, piga hesabu mwenyewe. Usafiri si tatizo. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kuna pikapu zenye mabenchi mawili nyuma ambazo zinasimama popote ukiinua mkono, na waendesha bodaboda wao huvaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye namba. Ukipotezewa mzigo unajua wa kumtafuta. Natamani Arua ifanye hivyo.

Fedha zinapita kwenye simu. Sisi tulianza mobile money mwaka 2009, wao mfumo wao, PromptPay, ulianza 2017, lakini sasa hata mama anayechoma ndizi pembeni ya barabara ameninginiza karatasi yenye alama ya kuskani. Tofauti ni kwamba mfumo wao unapita kwenye akaunti ya benki, na benki inataka kibali chako cha kazi. Kwa sababu ya matapeli wanaotumia akaunti za watu, benki zimekuwa kali kwa wageni. Mwezi wa kwanza utaishi kwa noti.

Heshima ni jambo utakalolielewa haraka, kwa kuwa umelelewa. Viatu vinavuliwa mlangoni. Kichwa cha mtu hakiguswi, hata cha mtoto. Miguu haimwelekei mtu wala sanamu ya Buddha. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa, na ukiwa stesheni au bustanini unasimama kama wengine. Mwezi wa Juni wanafunzi hupiga magoti mbele ya walimu wao na kuwapa maua, na mimi, mtoto wa Mvara, huketi kwenye kiti nikipokea maua hayo pamoja na walimu wa kwao. Lakini jambo moja usilifanyie mchezo: usiandike wala kusambaza lolote baya juu ya mfalme au familia yake. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na mgeni hasamehewi.

Sasa karatasi. Hapa naomba usome polepole.

Mgeni huku anaishi kwa karatasi kuliko kwa nguvu zake. Ukiingia, mwenye nyumba anatakiwa awaarifu uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba unalala kwake. Hakikisha amefanya, kwa sababu usumbufu utakuangukia wewe. Kila baada ya siku 90 unaripoti unakoishi, na ukichelewa faini ni baht 2,000. Ukitaka kusafiri nje, hata kwa msiba, lazima kwanza ulipie kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja, la sivyo viza yako inakufa unapovuka mpaka. Ukipitisha muda wa viza unatozwa baht 500 kwa siku mpaka 20,000, na ukikamatwa kabla hujajipeleka mwenyewe ni mahabusu, kisha kufukuzwa na kupigwa marufuku kurudi. Kibali cha kazi kinataja mwajiri wako na kazi yako. Ukiacha kazi, ruhusa ya kukaa inakwisha pamoja nayo. Mwalimu aliyegombana na mkuu wake leo, kesho anatafuta shule nyingine huku siku zinahesabiwa.

Na kuna kazi ambazo mgeni haruhusiwi kabisa. Orodha ya serikali ina kazi 40, baadhi kwa masharti, nyingi kwa katazo kamili. Kusuka nywele imo. Kuuza bidhaa barabarani imo. Kuendesha gari kwa kazi imo. Ukikamatwa unalipa kuanzia baht 5,000 hadi 50,000 na unarudishwa kwenu. Nawajua dada zetu wa Kiafrika Bangkok ambao mikono yao ni hodari kuliko saluni yoyote, lakini wanasuka chumbani, mlango umefungwa, wakisikiliza ngazi.

Jambo hili huniuma, na nadhani huniuma kwa sababu ya tulikotoka. Baba na mama walivuka kwenda Zaire vita vilipoingia West Nile, miaka ile ya 1979 na 1980. Walipewa shamba wakalima, wakauza mazao yao Ariwara, wakarudi. Baadaye wenye shida walikuja kwetu. Bidi Bidi ilipofunguliwa Yumbe mwaka 2016, ulikuwa mtoto lakini unakumbuka malori. Wale watu wa Sudan Kusini walipewa kiwanja cha kujenga, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Kinyozi wako pale Arua ni Mkongo, na hujawahi kumuuliza kibali. Thailand haijatia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kambi ya Mae La, kwenye mpaka wa Myanmar, ipo tangu 1984. Watoto wamezaliwa humo, wakakua, wakazaa wao, bila ruhusa ya kwenda kufanya kazi nje. Ni mwezi wa Agosti 2025 tu serikali ilipoamua kuwafungulia wakimbizi wa kambi hizo njia ya kuajiriwa kisheria. Mthai mmoja mmoja ni mkarimu. Mimi nimelishwa na kuuguzwa na majirani. Lakini ukarimu wa jirani hauongezi muda wa viza. Kwetu West Nile tumefanya jambo kubwa kwa wageni kuliko tunavyojisifu, na ni huku nililiona ukubwa wake.

Nimefika kwenye lile lililonifanya niandike. Ule ujumbe ulionitumia, wa kazi ya kompyuta Bangkok, mshahara wa dola, tiketi juu yao, viza ya utalii kwanza kisha watakubadilishia: usiujibu. Naomba kama ndugu yako mkubwa, usiujibu. Ukishuka uwanja wa ndege dereva anakuchukua, na gari haliendi mjini. Linakwenda Mae Sot, karibu kilomita 500, kisha unavushwa mto Moei usiku mpaka upande wa Myawaddy, Myanmar. Huko kuna majengo yenye kuta na walinzi wenye bunduki, ambamo watu wanafungiwa na kulazimishwa kutapeli wengine kwa mtandao, na asiyefikisha kiwango anapigwa. Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti kwa maeneo hayo, na wiki moja baadaye watu 260 wa mataifa 20 wakavushwa kurudi upande huu. Zaidi ya nusu walikuwa Waethiopia. Walikuwamo raia wa Kenya, Tanzania, Burundi, na Uganda pia. Katika wiki zilizofuata waliotolewa walifika maelfu. Hao walikuwa watu wenye elimu, wanaojua Kiingereza na kompyuta, watu kama wewe, na ndiyo sababu walitafutwa. Na jua hili: Uganda haina ubalozi Bangkok. Wa karibu uko Kuala Lumpur, nchi nyingine.

Kazi halali ipo. Shule zinahitaji walimu, na shahada yako inatosha kuanzia. Nchi yetu haihesabiwi miongoni mwa zile ambazo Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa, ingawa tumesomeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo utatakiwa ufanye mtihani wa TOEIC na upate alama 600 au zaidi. Utapata hizo bila shida. Matangazo mengine yatakubagua kwa pasipoti au kwa ngozi, na mshahara wako mara nyingi utakuwa chini ya ule wa Mwingereza anayefundisha darasa la jirani. Mimi silikubali jambo hilo, na kila mwaka nalisema kwenye kikao. Uliza pia kama mkataba ni wa miezi 12. Mawakala wengine hawalipi likizo ya Machi hadi Mei, na tumbo halina likizo.

Anza hivi. Pata cheti cha tabia njema kutoka Interpol, Kampala. Shahada na matokeo yako yathibitishwe, na usimwachie mtu nakala halisi. Pata chanjo ya homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari na uitunze ile kadi, kwa sababu Uganda imo kwenye orodha yao na bila kadi hutapita. Viza unayoitaka ni ya kazi, inaombwa kwa mtandao kupitia ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, na haiombwi bila barua za shule inayokuajiri. Fomu ya kidijitali ya kuingia nchini inajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Anayekudai fedha kwa fomu hiyo ni mwizi.

Ukipata barua ya shule, nitumie kabla hujalipa hata shilingi. Nitaipigia simu shule hiyo mwenyewe, kwa Kithai, nimwulize karani kama jina lako analo. Kama iko ndani ya Isan nitapanda basi niende niione. Na yule rafiki yako wa Koboko aliyekwisha kulipa nusu ya fedha kwa wakala, mpe namba yangu leo hii, usingoje Jumapili.